BREKI KWANZA, SPRINGI BAADAYE



Tajiri akitaka kutuma pikapu kuukuu kwenye mawe ya Marsabit au mchanga wa Chalbi, humwambia fundi aongeze springi na afunge matairi makubwa. Gari lasimama juu, lapendeza machoni. Lakini breki ni zile zile za zamani! Tairi kubwa ni zito na huishinda breki. Na gari likiinuliwa, mpira wa mafuta ya breki huvutika, hata huweza kukatika gurudumu likitumbukia shimoni. Tena mita ya mwendo husema uongo: tairi likizidi kwa sehemu moja katika kumi, dereva huona 60, kumbe yuko 66. Gari likipinduka, anayeulizwa ni dereva.

Sisi twasema hiyo si haki. Mpira mrefu zaidi wa breki ufungwe siku ile ile ya springi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akimwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, asirudishwe humo mpaka itengenezwe. Basi madereva, msiseme kwa mdomo tu. Andikeni karatasi mbili, moja mbaki nayo.