Tusiishie Riverdance

Asante mwandishi wa makala kuhusu ngoma ya Ireland, ila umelipa onyesho la Riverdance nafasi kubwa mno. Ni kweli, zile dakika chache za onyesho hilo kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision mjini Dublin mwaka 1994 ziliitangaza ngoma hiyo duniani kote, na muziki wa Bill Whelan ulistahili sifa. Lakini ngoma hii haikuzaliwa jukwaani. Ilichezwa jikoni, kwenye sakafu ya mawe, fidla moja ikitosha kuamsha nyumba nzima, mpaka sheria ya mwaka 1935 ilipotaka dansi za hadhara ziwe na kibali cha mahakama. Mapadri na polisi wakaitumia hata dhidi ya dansi za majumbani! Hilo hukuligusa kabisa, na kwangu ndilo kiini cha historia yenyewe.

Huko Connemara, magharibi mwa Ireland, bado wanacheza mtindo wa kale, sean-nós: mikono imelegea, miguu haipandi mbali na sakafu, na hatua nyingi hubuniwa papo hapo. Mchezaji humsikiliza mpigaji, naye mpigaji humwangalia miguu. Anayetaka kuijua ngoma hii aanzie huko, majukwaa makubwa yafuate baadaye.