Maoni Yetu: Wakikausha maji kule, Kagunga hufurika

Majeshi ya jirani zetu yakitangaza operesheni dhidi ya waasi, taarifa huwa na hesabu mbili: waasi waliouawa na silaha zilizokamatwa. Hesabu ya tatu haisomwi na msemaji yeyote wa jeshi. Huja kwa boti. Hushuka Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania kaskazini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ikiwa na magodoro, sufuria na watoto wenye homa. Mwenyekiti wa kijiji huipokea muda mrefu kabla waziri yeyote hajaamshwa.

Msimamo wetu hauhitaji maneno mengi. Namna jeshi la jirani linavyopigana na waasi wake ni jambo linalotuhusu, na serikali yetu iache aibu ya kuliuliza. Anayelipa ana haki ya kujua bei, na Kigoma imekuwa ikilipa tangu 1972. Mwaka huo uasi ulizuka kusini mwa Burundi, kwenye mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakaua raia. Jeshi lilijibu kwa kuua raia wa nchi nzima: walimu, wanafunzi, makarani, yeyote Mhutu aliyejua kusoma. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000. Mwaka uliofuata majeshi ya Burundi yalivuka mpaka yakiwafuata wakimbizi hadi vijiji vya Kigoma, na Watanzania wakauawa majumbani mwao. Makuli wa bandari zetu wakakataa kugusa mizigo ya Burundi. Hiyo ilikuwa diplomasia ya watu wasio na suti, na ilisikika Bujumbura.

Mao Zedong aliwafundisha wapiganaji wake waishi kati ya watu kama samaki majini. Majeshi mengi yalilisoma somo hilo kinyume: samaki akikushinda kumvua, kausha maji. Waingereza walifanya hivyo Kenya wakati wa Mau Mau, wakawahamishia Wakikuyu zaidi ya milioni moja kwenye vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mitaro. Burundi ilifuata njia hiyo hiyo miaka ya 1990.

Tulieleze hili kwa kirefu, maana vijana wengi wa Kigoma hawakulisoma shuleni. Kuanzia 1996 jeshi la Burundi liliwaamuru wakulima wa Karuzi, Kayanza, Muramvya na mikoa mingine waache nyumba zao vilimani na kukusanyika kwenye kambi chini ya macho ya askari. Waliambiwa wanalindwa. Atakayekutwa nje ya kambi angehesabiwa mwasi, na mwasi hupigwa risasi. Mkulima akabaki anaitazama mihogo yake mlima wa pili bila ruhusa ya kwenda kuichimba. Njaa ikaingia, kisha chawa, na mwaka 1997 homa ya chawa, ugonjwa ambao dunia ilidhani umezikwa na vita vya zamani vya Ulaya, ikawashika zaidi ya watu 40,000.

Mwaka 1999, baada ya waasi wa FNL kushambulia viunga vya Bujumbura, zoezi likarudiwa kwa ukubwa zaidi. Kwa wiki chache zaidi ya watu 300,000 wa Bujumbura Vijijini walisukumwa juu ya vilima visivyo na maji wala vyoo. Nelson Mandela, aliyekuwa amepokea usuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi huko Arusha baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, alizilaani kambi hizo hadharani, na katikati ya mwaka 2000 Rais Pierre Buyoya akakubali kuzivunja. Waasi walikuwa wangali vilimani, wakiwa na vijana wengi zaidi wa kuwaandikisha. Kijana aliyemzika mdogo wake kwa kuhara kambini hahitaji kuhubiriwa na mwanasiasa.

Tuseme pia la upande wa pili. Waasi hawakuwa malaika. Walijificha kati ya raia kwa makusudi, waliwatoza michango kwa mtutu wa bunduki, na Agosti 2004 FNL ilijigamba kuhusika na mauaji ya Gatumba, ambako wakimbizi wa Kibanyamulenge kutoka Kongo zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi iliyokuwa karibu sana na mpaka wa Kongo. Serikali yoyote inayoshambuliwa ina haki ya kujibu. Tunachouliza ni jibu hilo linamwangukia nani.

Sasa twende Mei 2015. Rais Pierre Nkurunziza alitaka muhula wa tatu, watu wakaingia mitaani Bujumbura, na tarehe 13 Mei, Rais huyo akiwa Dar es Salaam kwenye kikao cha wakuu wa nchi, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumpindua. Mapinduzi yakashindwa. Kwa wakati huo hapakuwa na uasi wa msituni wala operesheni ya kijeshi vijijini. Kulikuwa na polisi, vijana wa chama tawala waitwao Imbonerakure, na vitisho vya usiku. Hata hivyo ndani ya wiki chache Kagunga, kijiji cha watu wapatao 11,000, kilikuwa kimezungukwa na wakimbizi zaidi ya 50,000, wengine wakiwa wamevuka milima kwa miguu.

Waliokuwa mbali walishangaa: mbona wanakimbia kabla ya risasi? Jibu liko katika miaka tuliyoitaja. Mzee aliyeponea chupuchupu 1972, mama aliyejifungua kambini 1997, hawangoji kuona gari la askari likipanda kilima. Operesheni ya kijeshi huendelea kufanya kazi vichwani mwa watu miaka ishirini baada ya kamanda wake kustaafu. Wataalamu wanaopima mafanikio ya operesheni kwa miezi sita wangejifunza mengi wakikaa ufukweni hapa.

Na ufukwe wenyewe ulikuwa hivi: mlima nyuma, ziwa mbele, hakuna barabara ya gari, kipande chembamba cha mchanga katikati. Watu walilala pale, walipika pale, walijisaidia pale na kunywa maji ya pale. Kipindupindu hakikuchelewa. Kufikia wiki ya tatu ya Mei wagonjwa walikuwa wapatao 3,000 na waliokufa 31, wawili kati yao Watanzania. Mv Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa na jina jingine, ndiyo iliyookoa jahazi: ilipakia watu wapatao 600 kwa safari, ikawashusha Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Kuwaondoa mpakani lilikuwa jambo la lazima. Gatumba ilikuwa imeonyesha kinachotokea wakimbizi wakiachwa hatua chache kutoka kwa wanaowawinda.

Watu wa Kagunga waligawana na wageni dagaa, mihogo na nyua zao. Wengi walipokea jamaa: Kiha na Kirundi vinasikilizana, ndoa zinavuka mpaka kila msimu, na mpaka wenyewe ulichorwa na Wazungu. Lakini ukarimu haukuchimba vyoo. Bei ya chakula ilipanda, kuni zikaisha kwenye miteremko, chanzo cha maji kikachafuka, na wavuvi wakapoteza siku za kazi. Wakimbizi walipohamishwa, wafadhili wengi walihama nao. Kijiji kilibaki na ufukwe wake.

Hapa tunapaswa kujitazama na sisi, maana ni rahisi mno kuwanyooshea kidole Warundi. Mwishoni mwa 1997 jeshi letu na polisi walifanya msako mkoani Kigoma. Bujumbura ilikuwa ikilalamika kwamba waasi wa CNDD-FDD wanapita kwenye ardhi yetu, na malalamiko hayo hayakuwa uongo mtupu. Kilichofanyika ni kuwakusanya maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Burundi waliokuwa wakiishi vijijini, wengine tangu 1972, wengine wameoa au kuolewa na Watanzania, na kuwapeleka kambini. Mashamba na mifugo viliachwa. Familia ziligawanyika. Mwasi mwenye bunduki alijua vichochoro vya Malagarasi na hakungoja lori la msako; aliyepandishwa kwenye lori ni bibi mwenye mbuzi watatu.

Mwaka 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka wahamiaji haramu katika Kagera, Kigoma na Geita, na Waha wakajikuta wanathibitisha Utanzania wao kwa kutaja majina ya mababu barazani kwa afisa ambaye hakujua kutofautisha lafudhi ya Kasulu na ya Makamba, ng'ambo ya mpaka. Mwaka mmoja baadaye serikali hiyo hiyo iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000, uamuzi wa heshima ambao nchi chache duniani zimewahi kuufanya. Tunaweza mambo yote mawili, kumbe.

Askari anaweza kupigana na waasi na akabaki chini ya sheria, na mfano uko ng'ambo ya ziwa hili. Siku ya Mwaka Mpya 2011 wanajeshi wa Kongo waliingia mji wa Fizi, wakapora na kubaka wanawake kwa makumi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, kwenye mwambao, wanawake wakasimama mbele yake wakatoa ushahidi, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miaka miwili kabla, katika operesheni iliyoitwa Kimia II, jeshi hilo hilo lilikuwa likiwafuata waasi wa FDLR huko Kivu kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na wanavijiji wakiuawa na pande zote mbili. Hukumu ya Baraka haikuibadilisha Kongo. Iliwaambia askari wa Fizi kwamba mkubwa wao anaweza kufungwa, na ujumbe huo hauna mbadala.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, na Agosti ya mwaka huo huo wanajeshi wa Burundi wakaingia rasmi Kivu Kusini kwa jina la Jumuiya. Operesheni hizi sasa zinafanywa na wanachama wenzetu, na zimewahi kufanywa chini ya bendera yetu sote. Serikali yetu ipeleke hoja kwenye makao ya Jumuiya, Arusha: nchi mwanachama ikianza operesheni karibu na mpaka, itoe taarifa kwa majirani kuhusu njia za raia kupita salama, isiwafunge watu kambini kwa jina la ulinzi, na iwaruhusu waangalizi wa Jumuiya. Watasema ni siri za kijeshi. Boti ishirini zikishuka Kagunga kwa usiku mmoja, siri gani imebaki?

Upande wetu, ulinzi wa mpaka na upokeaji wa wakimbizi vitenganishwe. Wizara ya Mambo ya Ndani ina haki ya kumkagua kila anayeshuka na kumnyang'anya silaha mwenye silaha. Anayepanga au kuandikisha wapiganaji kambini akamatwe, ashtakiwe kwa jina lake, na jirani yake wa hema aachwe apike. Msako wa kijiji kizima kwa sababu ya lugha wanayozungumza usirudiwe kamwe.

Kagunga yenyewe inahitaji vitu visivyo na siasa. Inahitaji maji ya bomba yanayotosha zaidi ya wakazi wake, ghala la klorini, maturubai na dawa za kuhara linalosimamiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na boti ya wagonjwa yenye mafuta muda wote. Inahitaji barabara ya uhakika, ambayo wananchi wa mwambao wa kaskazini wameidai kwa miaka mingi, maana safari ya ziwani mawimbi yakichafuka humwacha mjamzito wa Kagunga akisubiri kama alivyosubiri mgonjwa wa kipindupindu. Wabunge wa mkoa huu wakisimama Dodoma kwenye kikao cha bajeti, waseme ni kifungu gani kina fedha za ghala hilo, na ni shilingi ngapi.