Kipimo Nacho Kipimwe



Sisi wa reli twajua maana ya kipimo. Reli ya zamani, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na baadaye Butere, ina upana wa mita 1. Fundi huukagua kwa chuma cha kupimia. Chuma hicho kikipinda, hata fundi mwaminifu ataharibu njia, na kitabuni ataandika kwamba ni nzuri.

Maabara ya damu ni vivyo hivyo. Hapa Musanda malaria ipo mwaka mzima, na mwenye homa huenda kupimwa. Akiambiwa ana malaria kumbe hana, anameza dawa bure na ugonjwa wenyewe unaendelea. Akiambiwa hana kumbe anayo, aweza kufa, na watoto ndio hufa upesi zaidi.

Wengine husema mashine haidanganyi. Mwaka 1947 huko Pennsylvania, Marekani, madaktari Belk na Sunderman walitoa habari ya maabara 59 zilizopelekewa sampuli za namna moja. Majibu yalitofautiana sana. Zilikuwa maabara za hospitali, si za vichochoroni.

Dawa yake yajulikana. Kila asubuhi, kabla ya kupima wagonjwa, fundi apime sampuli ambayo jibu lake linajulikana, aliandike katika chati. Likipita mpaka, kazi isimame hadi kosa lionekane. Baadhi ya vioo vya malaria visomwe tena na mtu asiyejua jibu la kwanza. Tena mara kwa mara sampuli za majaribio zitoke nje ya hospitali.

Tusimlaumu fundi peke yake. Naye ni mfanya kazi. Akipewa dawa za kupimia zilizopita tarehe, friji isiyo na umeme na foleni isiyokwisha, afanyeje? Wa kulaumiwa ni mwenye maabara anayeona kwamba kukagua kipimo ni kupoteza pesa.

Sheria ya mwaka 1999 iliunda bodi ya kuwaandikisha mafundi wa maabara. Kwa hiyo chama kinapopatana na waajiri juu ya matibabu, kidai wanachama wapelekwe palipo na fundi aliyeandikishwa na chati ya kila siku. Nawe ndugu, kabla ya kutoa mkono upimwe, uliza: chati ya leo iko wapi? Mkulima wa miwa hakubali mizani isiyokaguliwa. Kwa nini sisi tukubali kwa damu?

Umoja ni nguvu.