Vukeni Hori, Hata Kama ni Julai

Ndugu zangu wa Kariakoo, wa Eastleigh na wa Kikuubo: mnakuja Deira, Dubai, mara mbili tatu kwa mwaka. Mnalala Naif, mnazunguka Murshid Bazaar mpaka miguu inavimba, mnapimisha mzigo kwa wakala wa kago, mnaondoka. Wapo waliofanya hivyo miaka ishirini. Ng'ambo ya maji ya hori, mwendo wa dakika chache kwa boti, kuna mji wa kale ulioezekwa kwa miti ya kwetu, na wengi wenu hamjawahi kuvuka kuuona. Nawaomba mvuke. Na nawaomba mje wakati ambao kila mtu atawaambia msije, yaani kati ya Juni na Septemba.

Joto lipo, siwafichi. Mchana hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari hukugandishia shati mgongoni kabla hujafika kona ya pili. Nchi yenyewe inakiri: kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zimekatazwa tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri. Mgeni naye aifuate sheria hiyo kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake. Mwenye presha, mjamzito na mwenye mtoto mchanga wangoje Januari.

Lakini kuna saa mbili tatu baada ya Alfajiri, na kuna usiku mzima baada ya Magharibi. Januari vichochoro vya Al Fahidi, mtaa huo wa kale, hujaa makundi ya watalii, kila mlango una mtu anayepigwa picha. Julai utasikia ndala zako mwenyewe zikigonga sakafu. Ni kama Mji Mkongwe wa Unguja wakati wa masika, wageni wakishaondoka na mji ukarudi kwa wenyewe. Vyumba vya hoteli hushuka bei. Muuza viungo wa Deira, ambaye wakati wa baridi hana hata dakika, atakufungulia magunia na kukueleza hii zafarani imetoka wapi.

Tena utulivu huo wa kiangazi haukuletwa na watalii. Zamani, joto lilipoanza, wanaume wa Dubai walipanda vyombo kwenda kuzamia lulu, wakakaa baharini mpaka Septemba. Familia zilizojiweza zilihamia kwenye mashamba ya mitende, huko Al Ain na Ras Al Khaimah, kungoja tende ziive. Mji ulibaki na wachache. Lulu zilipoanguka bei miaka ya 1930, Wajapani walipozizalisha kwa wingi na uchumi wa dunia ukayumba, hori hili lilipitia njaa. Mafuta yaligunduliwa 1966. Anayedhani Dubai ilianza na maghorofa ajue kwamba ngome ya Al Fahidi ilijengwa 1787.

Nimesema hori kwa makusudi. Waarabu wanaliita khor, sisi hori, na ukisimama kwenye gati la Al Sabkha usiku, majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, huhitaji mkalimani kukuambia kwamba ni neno moja.

Sasa ile miti. Ghuba haina misitu ya mbao ndefu. Ili kuezeka nyumba, watu wa huku walitegemea boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Vyombo vyao viliteremka kwetu na kaskazi, vikiwa na tende na chumvi, vikarudi na kusi vimejaa boriti, zikihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Mwaka 1939 nahodha Ali bin Nasr al-Najdi wa Kuwait alipakia boriti Rufiji namna hiyohiyo, na ndani ya chombo chake alikuwemo baharia wa Australia, Alan Villiers, aliyeiandika safari yote. Walifika Kuwait mwezi Juni. Kwa hiyo hata mzigo wetu ulikuwa ukiingia Ghuba joto likishika.

Boriti ya mkoko ina mwisho wa urefu wake, mita tatu na ushei, na huwezi kuivuta zaidi. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Ghuba ni virefu na vyembamba, sawasawa na vyumba vya Lamu na Unguja. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe, kama zetu. Fundi wa Dubai alichora nyumba yake akiwa amefungwa na kipimo cha mti uliokatwa na mtu wa Rufiji, aliyesimama kwenye tope hadi magotini, na ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mimi nikiingia katika vyumba hivyo huanza kutazama juu, kabla ya zulia, kabla ya mizani za lulu zilizowekwa kwenye vioo.

Mtaa wenyewe wa Al Fahidi, ambao wengi bado wanauita Bastakiya, ulijengwa na wafanyabiashara kutoka Bastak, Uajemi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Walileta minara ya upepo, barjeel, inayodaka hewa kutoka pande nne na kuishusha chumbani. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuja wakati wa joto: simama chini ya mnara huo Agosti, jioni upepo unapoamka, ndipo utajua ulijengwa kwa nini. Januari ni pambo tu. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mtaa ilibomolewa, na iliyobaki ilikuwa kwenye foleni. Ilinusurika kwa sababu watu wachache walipiga kelele, na ziara ya Charles, wakati huo mwana wa malkia wa Uingereza, mwaka 1989, ikawasaidia. Sisi wenye miti hatukuwemo katika kelele hizo. Basi tuwemo sasa, kwa miguu yetu.

Njia ni rahisi. Shika dirham moja, panda abra, boti ya mbao, kutoka Deira hadi Bur Dubai. Tembea kando ya maji hadi Shindagha, kwenye nyumba ya mtawala wa zamani, Sheikh Saeed Al Maktoum, iliyojengwa 1896, au geukia kushoto kuelekea Al Fahidi. Ulizia kwanza saa za kufungua, maana vichochoro havina mlango ila nyumba za makumbusho zina saa zake. Chukua maji ya kutosha, na chupa moja ya ziada kwa kijana wa pikipiki za chakula utakayemkuta kivulini. Huenda akawa wa Mombasa au wa Jinja. Rudi Deira kabla jua halijakomaa, upite Waterfront Market ununue rutabu, tende mbichi za msimu, ambazo mgeni wa Januari hazikuti.

Na nyinyi mnaoishi huku, mlinzi wa usiku, mhudumu wa saluni, mhasibu: mgeni akija kutoka nyumbani msimpeleke kwenye maduka makubwa tu. Siku yenu ya mapumziko, mwamsheni alfajiri mvuke naye.

Ombi la mwisho ni hili. Kabla hujafunga begi, mpigie simu babu au bibi yeyote wa Kilwa, Lamu au Rufiji unayemfahamu. Umwamkie, umuulize boriti zilikatwaje, zilifungwaje, nani alizibeba hadi chomboni. Kisha ukifika Al Fahidi piga picha ya dari, umpelekee.