*TAARIFA YA TAWI, ISAKA: CHEO KISIMEZE MSIMAMO*



Msimu wa watia nia umefika. Simu zinaita usiku, bodaboda zinajaziwa mafuta, na watu tusiowaona miaka mitano leo wanayajua majina ya watoto wetu. Kutaka uongozi si kosa. Kosa ni kuuza ulichokuwa unakisimamia ili uupate.

Desemba 2017 wabunge wawili wa upinzani, Maulid Mtulia wa Kinondoni (CUF) na Dk. Godwin Mollel wa Siha (CHADEMA), walijiuzulu wakisema wanamuunga mkono Rais Magufuli. Kubadili mawazo ni haki ya mtu. Lakini Februari 2018 waligombea majimbo yale yale kwa tiketi ya CCM, wakashinda. Fedha za umma zikatumika, na mwananchi akapanga foleni kumrudisha mbunge yule yule.

Sasa tutazame mkoa wetu. Mwaka 1976, Shinyanga na Mwanza, watuhumiwa wa mauaji waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Si yeye aliyewatesa, lakini wizara ilikuwa yake, na mwaka 1977 alijiuzulu. Mzee Mwinyi aliachia kiti. Wale wawili waliachia chama, kiti wakabaki nacho.

Ndugu zetu, msimamo hauondoki kwa siku moja. Leo mtu anapaza sauti juu ya ujira wa makuli wa bandari kavu. Kesho anapunguza sauti, maana mwenye malori kamchangia kampeni. Keshokutwa anatuambia tusiwasumbue wawekezaji.

Kwa hiyo, kila mtia nia atakayefika tawini tumuulize mbele ya wanachama wote:
1. Ni jambo gani ulilisema mwaka jana ambalo leo unaogopa kulirudia?
2. Nani anagharamia safari zako?
3. Ukishindwa kura za maoni, utabaki nasi?

Asiyejibu tusimpe kura. Anayetoa bahasha badala ya jibu, jina lake lifikishwe kwa Katibu wa Tawi siku hiyo hiyo.

Cheo ni dhamana. Tusimkabidhi aliyekwisha kujiweka rehani.

Wasomeeni na wasio na simu.

_Kamati ya Utendaji ya Tawi, Isaka_