Mtoto anajua mchanga unaanguka, sisi wakubwa je?

Wazazi na ndugu wasikilizaji, hapa Kalemie malalamiko ni yale yale: maji ya Tanganyika yalitutoa majumbani, na watoto wanashinda kwenye simu wakicheza Minecraft. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Juzi, katika kambi moja, niliketi karibu na kijana wa miaka 12. Alikuwa anajenga nyumba katikati ya bahari ya mchezo huo, kwenye kilindi.

«Yaya, hapa usianze na mchanga,» aliniambia. Katika mchezo ule, mbao na mawe vinabaki juu hata bila nguzo. Mchanga na changarawe, visipokuwa na kitu chini yake, vinaanguka mpaka kwenye sakafu ya bahari. Basi yeye alitandika mbao kwanza. Kisha akaweka mienge, maana maadui wanatokea gizani. Halafu kitanda: mchezaji akikufa, anaamkia kwenye kitanda alicholalia. Kitanda kikivunjwa, anarudishwa kule mchezo ulikoanzia, hata kama ni mbali sana.

Nilimuuliza kwa nini ajenge majini. Akajibu: «Hapa hakuna wa kunifukuza.»

Kwa maoni yangu, tusimnyang'anye simu mtoto wa namna hiyo. Anatafuta makao, kama sisi. Lakini tumweleze jambo moja ambalo mchezo haumfundishi: bahari yake haipandi. Ziwa letu linapanda. Mwaka 2024 lilifunika nyumba na barabara, hapa kwetu, Uvira na hata Bujumbura. Na katika ziwa la kweli, hakuna ubao unaokaa hewani.

Sisi wakubwa tuna kosa letu. Maji yakirudi nyuma kidogo, mtu anarudi kumwaga mchanga kwenye parseli ile ile ya pembeni ya ziwa, anajenga upya. Simlaumu sana, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Ndiyo maana naomba viongozi wetu: waonyesheni watu hawa parseli mahali pa juu, kabla ya mvua nyingine. Kumwambia mtu «hama» bila kumwonyesha pa kuweka kitanda si msaada.

Nawe mzazi, leo jioni keti na mtoto wako. Umuulize kitanda chake amekiweka wapi, na kwa nini.