Bustani za Tanga ni Mali ya Umma

MELI kubwa za mizigo sasa zafunga gatini Tanga. Kwa miongo mingi meli hizo zilitia nanga katikati ya ghuba, na shehena ikavushwa kwa matishari hadi nchi kavu, kazi iliyokula siku na fedha, na iliyowafanya wenye mizigo wengi wakimbilie Dar es Salaam au Mombasa. Uboreshaji uliogharimu Shilingi bilioni 429.1 umeongeza kina cha maji gatini kutoka mita 3 hadi mita 13, na gati mbili zenye urefu wa mita 450 zimejengwa. Chongoleani, kaskazini ya mji, ndipo penye mwisho wa njia ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Agosti 1967 + 50, yaani 2017, nusu karne baada ya Azimio la Arusha.

Wananchi wa Tanga wana haki ya kufurahi, maana wamengoja siku nyingi. Lakini fedha inaporudi katika mji huja ikitafuta ardhi, na ardhi iliyo wazi katikati ya Tanga ni bustani zake, viunga vya majengo yake ya kale na ukingo wa bahari. Hapana budi iamuliwe mapema, kabla mnunuzi hajabisha hodi, kwamba ardhi hiyo ni ya nani.

Historia ya mahali hapa haikuanza na Wajerumani, ingawa mgeni anayetembea katikati ya mji anaweza kudhani hivyo. Magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni, kiasi cha kilomita 17 kusini, ni ushahidi wa mji wa Waswahili uliostawi kabla Mreno yeyote hajaionja bahari hii. Mwaka 1498 moja ya merikebu za Vasco da Gama ilikwama katika miamba ya pwani hiyo ya Mtang'ata. Mbele ya bandari yenyewe kipo kisiwa cha Toten, chenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale katikati ya vichaka na mikoko. Watoto wa Tanga wanakiona kisiwa hicho kila siku wakiwa ufukweni, na wengi wanakua bila kuambiwa ni nini kilichomo.

Wajerumani waliuteka mji mwaka 1889, katika vita vya kuzima upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1893 ulianza ujenzi wa reli kutoka Tanga kuelekea Usambara, reli ya kwanza katika nchi hii. Kampuni iliyoianza ilifilisika, na serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza reli hiyo ilikuwa imefika Moshi. Tuta lake lilipandishwa kwa majembe na makarai, na walioshika majembe hayo hawakuwa wenye hisa.

Reli hiyo iliugawa mji vipande viwili, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Upande wa kaskazini, penye upepo wa bahari, zilikaa ofisi za serikali, maduka, hospitali ya Bombo, na mbele zaidi nyumba za Wazungu kuelekea Raskazone. Upande wa kusini ilipimwa Ngamiani, barabara zake zikinyooka kama mistari ya daftari na kuitwa kwa namba, na humo ndimo walimowekwa Waafrika. Mfanyakazi alivuka reli asubuhi kwenda kutumika na akavuka tena jioni kurudi kulala. Nyasi zilizofyekwa vizuri, miti ya kivuli na mabenchi ya kutazama bahari vilikuwa upande wa wakubwa. Kwa Mwafrika bustani ilikuwa mahali pa kufagia.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 haukuweza kuwapa watu wote nyumba za Raskazone. Uliwapa benchi. Bustani ya Jamhuri, itazamayo bandari karibu na mnara wa saa, imekuwa ya kila mtu: kuli aliyemaliza zamu, mwanafunzi aliyekosa mahali pa kusomea, mama aliyetoka sokoni, mzee anayengoja adhuhuri. Anayedhani hilo ni jambo dogo hana budi akumbuke kwamba wapo watu wazima wanaoishi leo, ambao wazazi wao hawakuwa na ruhusa ya kukaa hapo bila kuulizwa wanatafuta nini. Kipande cha bustani kinapomegwa na kuzungushiwa ukuta, ukuta ule wa zamani umerudi, ila mlinzi wake amebadilika.

Mwisho wa barabara ya soko ipo bustani nyingine, yenye makaburi na mnara wa askari. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vinasomwa katika vyuo vya kijeshi vya nchi za mbali. Jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi walioletwa kwa meli, lilishuka Raskazone na kushindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, ambao sehemu yao ililetwa kwa reli kutoka Moshi. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma wapiganaji wa pande zote mbili, na ndiyo maana Waingereza wenyewe waliviita vita vya nyuki. Waliokimbia waliacha nyuma bunduki za rashasha na risasi mamia kwa maelfu. Habari hizi zinasimuliwa kwa majina ya majemadari wawili, von Lettow-Vorbeck na Aitken. Askari na wapagazi walioifia nchi isiyokuwa yao wakati ule, katika ugomvi usiokuwa wao, mara nyingi hawana hata jina juu ya jiwe. Bustani ile imebaki kuwa karibu kumbukumbu yao ya pekee.

Watumishi wa serikali na walimu wana sababu yao wenyewe ya kuujali mji huu. Ni Tanga ambako Wajerumani walifungua shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, ili wapate makarani na maakida wa kuwatumikia na kuwakusanyia kodi. Nia ilikuwa mbaya, lakini kalamu ikishatiwa mkononi haiulizi nia ya aliyeitoa. Ni Tanga lilikochapishwa gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Na ni katika viunga vya Tanga, huko Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, karani wa serikali aliyeamka asubuhi kwenda kazini kama makarani wengine, na ambaye kabla ya kufa mwaka 1962 alikuwa ameipa lugha ya taifa vitabu vyake bora. Mtumishi anayelalamika kwamba kazi ya ofisi haimwachii nafasi ya kufikiri ana jirani wa kumtazama.

Mji wenyewe ulijengwa kwa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida, na inasemekana ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyofika mpaka upeo wa macho, na manamba waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji kuyakata majani yake yenye miiba. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za katani. Baadaye nyuzi za viwandani zikaangusha bei duniani, mashamba yakadhoofika, na mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi.

Anguko hilo liliwaumiza watu, na hakuna haja ya kulipamba. Lakini lilikuwa na tokeo moja lisilotazamiwa. Katika miji iliyopata fedha nyingi majengo ya zamani yalivunjwa ili maghorofa yasimame. Tanga haikuwa na fedha ya kuvunjia. Boma, mnara wa saa, nyumba za baraza pana na madirisha ya mbao, maduka yenye mwaka wa ujenzi juu ya mlango, vyote vilibaki, vikichakaa polepole chini ya chumvi ya bahari. Umaskini ndio uliokuwa bawabu wa urithi wa Tanga. Sasa bawabu huyo anaondoka, na ni vyema aondoke, lakini hakuna aliyeajiriwa mahali pake.

Wako wanaodhani kwamba sheria inatosha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda kwa umri wake majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Maana yake ni kwamba magofu ya Tongoni yamo ndani ya ulinzi huo, lakini jengo lolote la wakati wa Wajerumani, ambao walifika miaka zaidi ya 20 baadaye, limo nje, mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze rasmi. Nyumba ya miaka 120 katikati ya Tanga inaweza basi kubomolewa Jumamosi, na Jumatatu isiwepo sheria ya umri iliyovunjwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inatoa njia ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria, lakini njia hiyo huanzia kwa ofisa anayeandika orodha. Orodha isipoandikwa, sheria zote mbili hubaki kabatini.

Wako pia wasemao kwamba majengo hayo ni ya mkoloni, na kwamba kuyahifadhi ni kasumba. Hoja hii ina sauti ya uzalendo, na kwa sababu hiyo inastahili jibu. Mkoloni alichora ramani. Mawe ya matumbawe yalichimbwa na watu wa pwani, boriti zilibebwa na watu wa pwani, chokaa ilichomwa na watu wa pwani, na fedha ilitoka katika kodi ya kichwa na jasho la shambani. Kulibomoa boma hakumwondolei mkoloni chochote; kunawaondolea wajukuu wa wajenzi ushahidi wa kazi iliyofanywa bila malipo ya haki. Wanaotumia hoja hii mara nyingi huwa tayari wana mchoro wa jengo jipya mkononi.

Kuhusu wachuuzi wadogo, haki itendeke. Muuza kahawa na muuza mihogo si adui wa bustani, na pengine ndio wanaoifanya ipendeze jioni. Kibanda chenye nafasi iliyopangwa na pipa la taka hakimdhuru mtu. Kinachodhuru ni jengo la kudumu linaloanza kama kibanda, likapata ukuta, likapata paa, na baada ya miaka miwili likapata hati. Mlango huo ndio wa kufungwa, na unafungwa ofisini.

Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 273,332, na ile ya mwaka 2022 ikakuta karibu 400,000. Watu hao wanaongezeka upande wa kusini na magharibi kuliko katikati, na huko vilevile bustani zinahitajika, maana si haki mtoto wa Ngamiani au Pongwe asafiri mpaka ufukweni ili aone mti wenye benchi chini yake. Viwanja vya wazi katika mitaa mipya hupimwa kwenye ramani na kusahauliwa uwanjani. Viwekewe mawe ya mipaka na kupandwa miti mwaka ule ule vinapopimwa.

Yanayotakiwa hayahitaji mabilioni. Halmashauri ya Jiji iandike orodha ya majengo ya kale na viwanja vyote vya wazi, iibandike mahali ambapo wananchi watasoma, na kuipeleka kwa Waziri ili yanayostahili yatangazwe kabla makasha hayajajaa bandarini. Madiwani, ambao wengi wao ni wanachama wa Chama, waulizwe katika vikao vya Chama kila ombi la kubadili matumizi ya kiwanja cha umma limetoka kwa nani na limejibiwaje. Maofisa ardhi wasiridhike kusema kwamba faili limepotea.

Walimu nao wanalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kwa Tanga kitabu chake kiko wazi barabarani. Darasa la Ngamiani laweza kuvuka reli kwa miguu asubuhi moja, likapita bomani, likasimama mbele ya makaburi ya 1914, likamalizia kwenye Bustani ya Jamhuri na kukitazama kisiwa cha Toten, kisha wanafunzi wakae kwenye mabenchi na kuandika walichokiona.